Mabano ya Lisp na Kanuni za Lugha ya Eastlands

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Sheng katika kumbi za mihadhara umekuwa ukilizunguka swali lilelile: je, lugha hii ya vijana inakijenga Kiswahili au inakibomoa? Wapo wanaoililia sarufi kana kwamba imekwisha kuzikwa, na wapo wanaoipigia Sheng vigelegele kama bibi harusi. Hata hivyo, pande hizi mbili zinafanana katika jambo moja. Ni nadra kuzisikia zikiieleza kanuni hata moja ya Sheng kwa ukamilifu, tangu inapoanzia hadi inapokomea. Makala haya yanashikilia kuwa hukumu haistahili kutangulia maelezo, na kwamba mojawapo ya nyenzo bora za kuzielezea kanuni hizo ni lugha ya tarakilishi ambayo ni nadra kutajwa katika idara za Kiswahili, nayo ni Lisp.

Huenda pendekezo hili likawachekesha baadhi ya wasomaji. Mwanafunzi wa fasihi na isimu ana nini na tarakilishi? Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Lisp haikuasisiwa kwa ajili ya hesabu za benki. John McCarthy aliibuni mwaka 1958 katika taasisi ya MIT nchini Marekani, akaieleza rasmi katika makala yaliyochapishwa mwaka 1960. Nia yake ilikuwa kupata lugha ya kushughulikia ishara, yaani majina, maneno na sentensi, na si tarakimu pekee. Jina lenyewe ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yanayomaanisha uchakataji wa orodha. Orodha ya ishara ndiyo malighafi ya mwanamofolojia pia, kwa maana neno "anasoma" ni nini kama si orodha ya mofimu?

Sifa ya kwanza inayomshtua mgeni wa Lisp ni wingi wa mabano. Kila kauli ni orodha iliyofungwa kwa mabano, na kinachotangulia ndani ya mabano ni jina la kitendo:

(+ 2 3 4)

Jibu la kauli hiyo ni 9. Aliyezoea kuiweka alama ya kujumlisha katikati ya tarakimu huona kana kwamba mambo yamepinduliwa. Lakini msemaji wa Kiswahili anapotoa amri husema vivyo hivyo: "Jumlisha mbili, tatu na nne." Kitenzi hutangulia, vinavyotendwa vikafuata, viwe viwili au ishirini. Kioja cha kwanza cha Lisp, basi, si kigeni kwa sikio la Mswahili.

Sifa ya pili ni alama ya kudondoa. Katika Lisp, ishara isiyotanguliwa na alama hiyo hutafutiwa thamani yake, ilhali iliyotanguliwa nayo huachwa ilivyo, iwe neno tu. Tofauti hii kati ya kulitumia neno na kulitaja neno huwasumbua wanafunzi wa programu kwa wiki kadhaa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayo tayari katika sarufi yake. Akisema "Kuku ana miguu miwili" anamzungumzia ndege. Akisema "'Kuku' lina silabi mbili" analizungumzia neno, na upatanisho wa kisarufi umehama kutoka ngeli ya viumbe hadi ngeli ya "neno". Hapo Kiswahili hudondoa kwa kiambishi, Lisp hudondoa kwa alama.

Sifa ya tatu ni majina mawili ya ajabu: "car" na "cdr". La kwanza huchukua kipengele cha kwanza cha orodha, la pili huchukua kilichosalia. Majina haya yalitokana na sehemu za neno la kumbukumbu katika tarakilishi ya IBM 704 iliyotumiwa miaka ile ya 1950. Mtambo huo ulikwisha kuachwa zamani, lakini majina yangali hai, na wengi wanaoyatumia hawajui yalikotoka. Mkazi wa Nairobi hana sababu ya kushangaa. Mtaa wa Kariokor ulirithi jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nalo limetamkwa kwa Kiswahili hata asili yake ya Kiingereza haisikiki tena. Jina huishi kwa sababu linatumika, si kwa sababu maana yake ya kwanza ingali inakumbukwa.

Kwa nyenzo hizo mbili hujengwa mbinu iliyo kitovu cha Lisp, yaani kanuni inayojirejelea. Mfano wake ni mtu anayekula ugali. Humega tonge moja, kisha huurudia uliosalia kwa mkono uleule, mpaka sinia iwe tupu. Kanuni ya Lisp hulishughulikia la kwanza katika orodha, halafu hujikabidhi yenyewe orodha iliyobaki, mpaka ikutane na orodha tupu. Kanuni isiyoambiwa sinia tupu ni ipi haikomi kamwe. Ndiyo maana anayeandika Lisp hulazimika kuutamka mpaka wa kanuni yake mapema, jambo ambalo waandishi wa tasnifu za sarufi aghalabu hulisahau.

Kuna tukio moja katika historia ya lugha hii linalopaswa kumgusa kila anayejadili usanifishaji. McCarthy alikusudia kwamba maandishi yenye mabano yawe ya ndani tu, na kwamba watungaji wa programu wangetumia mtindo mwingine ulio nadhifu zaidi, unaokaribia maandishi ya hisabati. Mtindo huo wa heshima haukushika. Watumiaji walizoea mabano, wakayapenda, na mabano ndiyo yaliyogeuka kuwa Lisp. Aidha, kanuni kuu ya kuzifasiri kauli za Lisp ilikuwa nadharia ya karatasini. Ni Steve Russell aliyetambua kuwa ingeweza kuandikwa kama programu, akaiandika, na tarakilishi ikaanza kuifuata. Kilichokusudiwa na wakuu na kilichoshikwa na watumiaji si lazima viwe kimoja. Wanafunzi wanaosoma habari za mkutano wa Mombasa wa 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, wanalijua vyema suala hili.

Sasa nyenzo hii itazamwe ikiwa kazini. Kitenzi cha Kiswahili hujengwa kwa kauli zinazopangana, kila moja ikiifunika iliyoitangulia. Chukua "lishana" na "patanisha". Yote mawili yana kauli ya kutendesha na kauli ya kutendana, lakini maana zake zimejengwa kwa mpangilio tofauti. Kwa Lisp, mtu aliyekwisha kuandika kanuni za "tendesha" na "tendana" ataandika hivi:

(tendana (tendesha 'la))

(tendesha (tendana 'pata))

Mabano husomwa kutoka ndani kwenda nje. Katika mstari wa kwanza, "la" huwa "lisha", kisha "lishana": kila mmoja anamlisha mwenzake. Katika wa pili, "pata" huwa "patana", kisha "patanisha": mtu wa tatu anawafanya wawili wapatane. Vitabu vya sarufi huziorodhesha kauli hizi moja baada ya nyingine kama nguo zilizoanikwa kambani. Mabano huonyesha ipi imevaliwa ndani na ipi nje. Fauka ya hayo, kanuni ya "tendesha" haitafanya kazi mpaka mwandishi wake aieleze habari ya usikilizano wa irabu: mzizi wenye "e" au "o" hutoa "somesha", ilhali wenye "a", "i" au "u" hutoa "pigisha". Akisahau, tarakilishi itamtolea "somisha" bila haya wala huruma. Wahenga walinena kuwa ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Kanuni iliyoandikwa katika tasnifu hunena, ile iliyoandikwa kwa Lisp hutenda, na upungufu wake huonekana papo hapo.

Manufaa haya huwa makubwa zaidi mtu anapovuka Barabara ya Jogoo na kuingia mitaani. Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na Bahati ni makazi yaliyoanza enzi za ukoloni, ambamo Waafrika kutoka kila pembe ya nchi walijikuta majirani; Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole zilifuata baadaye. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu mwanzo wa Sheng. Wengine huuweka katika miaka ya 1960 na 1970, wengine huziona dalili zake tangu miaka ya 1930. Wengi, hata hivyo, huitaja Eastlands kuwa kitovu chake. Kazi nyingi zilizoandikwa kuihusu zimeshughulikia msamiati. Hata kamusi ya Sheng na Kiingereza ya Ireri Mbaabu na mwenzake, iliyochapishwa na TUKI mwaka 2003, ilikusanya maneno, kama ilivyo ada ya kamusi. Lakini maneno ya Sheng huchakaa upesi, na lililokuwa tamu kwa kaka huwa chachu kwa mdogo wake. Kanuni zinazoyazalisha ndizo zinazodumu.

Chukua neno "risto", lenye maana ya hadithi au habari. Limetokana na "stori" kwa kupindua silabi. Maelezo hayo hutolewa kwa sentensi moja, na msomaji huridhika. Mwandishi wa Lisp haruhusiwi kuridhika, kwa sababu "kupindua" kunaweza kuwa kanuni mbili tofauti. Ya kwanza huzigeuza silabi zote, ya mwisho ikawa ya kwanza na ya kwanza ikawa ya mwisho. Ya pili huileta silabi ya mwisho mwanzoni na kuziacha nyingine katika mpangilio wake. Kwa neno lenye silabi mbili, kanuni hizi hutoa jibu lilelile:

(geuza '(sto ri)) hutoa (ri sto)

(kinyume '(sto ri)) hutoa (ri sto)

Lakini kwa neno lenye silabi tatu, njia zinaachana:

(geuza '(ki ta bu)) hutoa (bu ta ki)

(kinyume '(ki ta bu)) hutoa (bu ki ta)

Kwa hiyo "risto" pekee haiwezi kuthibitisha ni kanuni ipi inayotawala. Mtafiti atalazimika kutafuta maneno ya silabi tatu na nne yaliyopinduliwa, na kuwauliza wasemaji. Jina "kinyume" halikuchaguliwa ovyo. Ndilo jina la mchezo wa lugha uliojulikana Zanzibar katika karne ya 19, ambao Edward Steere aliuandika katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili: silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele. Basi wale wanaoona upinduzi wa silabi kuwa uhuni uliozaliwa Nairobi wanapaswa kujua kuwa Waswahili wa mwambao waliucheza kabla Nairobi haijajengwa. Kama kanuni ya Eastlands ni ileile ya Unguja au ni nyingine, hilo ni swali la kitaaluma linaloweza kujibiwa. Swali la kama inabomoa au inajenga halijibiki kabla ya hilo.

Mfano wa pili ni kiambishi cha mazoea. Mahali ambapo Kiswahili sanifu husema "hupenda", msemaji wa Eastlands husema "anapendanga". Na mahali pa "huwa sipendi", husema "sipendangi". Athari ya lugha nyingine za Kibantu zinazozungumzwa Kenya imekwisha kutajwa mara nyingi, na wengi huishia hapo, kana kwamba kutaja mkopo ni kutaja kosa. Lakini orodha hizi mbili zitazamwe:

(a na pend ang a)

(si pend ang i)

Kipengele kipya kimekaa baina ya mzizi na irabu ya mwisho, mahali palepale pa viambishi vya kauli. Irabu ya mwisho nayo imegeuka kutoka "a" hadi "i" katika ukanushi, sawasawa na "napenda" na "sipendi" za Kiswahili sanifu. Kijana anayedaiwa kuivunja sarufi ameitii sheria ya ukanushi bila kufundishwa na mtu. Tena Lisp itamuuliza mtafiti swali jingine: itakuwaje kwa vitenzi vya mkopo kama "rudi" na "jibu", ambavyo haviishii kwa "a"? Je, kiambishi kitakaa kabla ya irabu au baada yake? Jibu la swali hilo linapaswa kutoka vinywani mwa wasemaji wa Umoja na Kayole, si mezani mwa mhadhiri. Thamani ya programu hapa ni kwamba imelizusha swali ambalo maelezo ya kawaida yalilifunika.

Jambo lililo muhimu zaidi katika mnasaba huu ni kile waandishi wa Lisp wanachokiita makro. Kwa kuwa programu ya Lisp yenyewe ni orodha, sawa na data inayoishughulikia, mtu anaweza kuandika kanuni inayoipokea kauli kabla haijatekelezwa na kuiandika upya kwa umbo jingine. Kwa njia hii mtumiaji huiongezea lugha miundo ambayo waasisi wake hawakuiwazia, bila kuwaomba ruhusa. Muundo mpya ukiwafaa wengi, huenea; usipofaa, hubaki katika programu ya aliyeubuni. Sheng haina makro kwa maana ya kiufundi, lakini inafanya jambo lililo jirani yake: hukipokea Kiswahili kama malighafi, ikakipitisha katika kanuni zake, na kutoa kauli ambazo bado zinasimama juu ya sarufi ya Kiswahili. Mwalimu anayeuona mfumo huu ataweza kumweleza mwanafunzi wa Makadara au Dandora tofauti baina ya kanuni ya mtaani na ya insha, badala ya kumwambia kwamba anachosema nyumbani kwao si lugha. Mwanafunzi huyo hujifunza upesi zaidi anapoonyeshwa hatua moja ya kubadilisha "katoto" kuwa "kitoto", na "tutoto" kuwa "vitoto", kuliko anapochorewa mstari mwekundu usio na maelezo.

Suala hili lina uzito mwingine, nao ni la nani ataandika kanuni za Kiswahili katika mitambo. Mwaka 1983, Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili. Mwaka huohuo, Lauri Karttunen na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Texas wakaiandika kwa Lisp, wakaiita KIMMO. Nadharia hiyohiyo ndiyo Arvi Hurskainen wa Helsinki aliyoitumia kujenga kichanganuzi cha Kiswahili, SWATWOL, alichokieleza katika makala yake ya mwaka 1992. Mwaka 2006, Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake kutoka Ubelgiji walipoeleza mbinu ya kuifundisha tarakilishi kutambua aina za maneno ya Kiswahili, matini waliyoitumia yalitoka katika hazina ya Helsinki. Wasomi hao wote wanastahili shukrani. Lakini matini ya hazina hiyo kwa sehemu kubwa ni ya vitabu na magazeti, na lugha ya Eastlands aghalabu hunenwa, haiandikwi. Mtambo uliolelewa kwa matini hayo utaliona "sipendangi" kuwa kosa la uchapaji. Haukuwa na kinyongo, haukuambiwa tu.

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. Litadaiwa kwamba Lisp ni lugha kongwe, na kwamba wanaochakata lugha leo hutumia Python zaidi. Ni kweli. Lakini Lisp haijafa. Lahaja yake ya Scheme ilizaliwa 1975, Common Lisp ikapata kiwango rasmi mwaka 1994, na Clojure ikatokea 2007; zote zinapatikana bila malipo. Muhimu zaidi, inayopendekezwa hapa ni tabia ya kuandika kanuni inayotenda, na mabano ya Lisp huifundisha tabia hiyo kwa sarufi fupi sana. Mwanafunzi aliyeipata hatapata taabu kuhamia kwingine.

Litadaiwa pia kwamba mitambo ya sasa hujifunza yenyewe kutokana na wingi wa matini, haihitaji kuambiwa kanuni. Dai hili lina nguvu kwa Kiingereza, chenye bahari ya maandishi. Kwa lugha ya mitaani isiyo na tahajia moja wala maktaba, maelezo ya binadamu yangali na kazi. Hata hivyo, ni lazima kukiri mpaka wa nyenzo hii. Lisp inaweza kueleza jinsi "stori" inavyokuwa "risto". Haiwezi kueleza kwa nini vijana wa mtaa fulani walilipenda neno hilo, wala utani, fahari na usiri unaolisindikiza. Hayo ni ya mwanafasihi na mwanaisimujamii, na hayatachukuliwa na mabano.

Mwisho, huenda ikasemwa kuwa wanafunzi hawana tarakilishi. Nadharia ya McCarthy ilianzia karatasini, na mifano yote iliyotolewa hapa inaweza kufanywa kwa chaki na ubao. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kuanza muhula ujao kwa jambo dogo: daftari la kanuni za lugha ya Eastlands, kila kanuni ikiwa na jina, mifano mitano inayoitii, mifano inayoikataa, na mpaka wake. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan, ziko katikati ya wasemaji wenyewe. Vikao vya kuzijaribu kanuni hizo vikifanyiwa huko, vijana watakuwa mashahidi na wakosoaji, si vielelezo tu. Kanuni itakayosalimika mbele yao ndiyo iandikwe kwa Lisp, na programu itakayopatikana itolewe bure kwa kila anayeihitaji. Kanuni ya kwanza iwe ile ya "risto", ili ijulikane kama vijana wa Eastlands hugeuza silabi zote au huleta ya mwisho mwanzoni.